Mizani ya Mwenye Ndege

Mtu anayetaka ndege yake ya kwanza huanza kuinunua kwa macho. Huiona imeegeshwa kwenye nyasi za Uwanja wa Wilson, Nairobi, mabawa yamefungwa kamba ardhini ili upepo wa mchana usiinyanyue, ubavuni ina mstari mwekundu uliopauka kidogo, na moyo unamwambia: hii hapa. Moyo huo siulaumu. Bila huo hakuna ambaye angekubali gharama, madaftari na asubuhi za baridi zinazoandamana na chombo hiki. Ila ndege hupimwa tangu siku inapoundwa hadi siku inapoachwa. Uzito wake hupimwa, mafuta yake hupimwa, saa zake za kuruka huhesabiwa, hata hewa itakayoibeba hukadiriwa kabla magurudumu hayajasogea. Anayetaka kuwa mwenye ndege hana budi kupanda kwenye mizani hiyo hiyo, yeye na tamaa yake, mfuko wake na ujuzi wake. Naamini kwamba kuchagua ndege na kuimiliki ni kazi ya kusema kweli, na kwamba sehemu ngumu ya kazi hiyo hufanywa chini, muda mrefu kabla ya kuruka.

Kweli ya kwanza ni ya safari. Unakwenda wapi, na nani, mara ngapi kwa mwaka, na utatua kwenye kiwanja cha namna gani? Wengi huchagua ndege kwa ajili ya ile safari moja kubwa wanayoiota: familia nzima, mizigo yote, Nairobi hadi Lamu bila kutua njiani. Kisha miaka inapita na safari zao halisi zinakuwa za mtu mmoja au wawili, saa moja hewani Jumamosi asubuhi, Naivasha na kurudi. Wamenunua chombo cha ndoto, na sasa kila mwezi wanalipia ukubwa wasioutumia. Wengine hukosea upande wa pili: wananunua kijindege chepesi cha kuchezea angani, kisha wanataka kibebe mahema, maji na jamaa watatu hadi kiwanja cha udongo mweusi kule Mara, ambako mvua moja ya usiku inatosha kuyanasa magurudumu hadi jua la mchana likaushe tope.

Mfano wa kuchagua kwa ukweli ninaoupenda kuliko yote ni wa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael. Bernhard alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani. Yeye na mwanawe walikuwa na swali moja: wanyama wa Serengeti ni wangapi, na msimu ukibadilika wanahamia wapi? Swali hilo ndilo lililowachagulia ndege. Walijifunza urubani, wakachukua Dornier Do 27, ambayo bawa lake liko juu ya vichwa vya abiria ili macho yaone chini bila kizuizi, yenye injini ya nguvu farasi 270, inayoweza kwenda polepole sana ikiwa hewani na kutua kwenye kipande kifupi cha mbuga. Wakaipaka milia ya punda milia, wakairusha wenyewe kutoka Ujerumani hadi Tanganyika, na mwaka 1958 wakawa wanahesabu nyumbu. Kazi ile ilizaa kitabu na filamu vilivyoitangaza Serengeti duniani kote, na filamu ikapata tuzo ya Oscar. Kila kitu katika ndege ile kilikuwa jibu la swali lao.

Hata hivyo, tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo, ikirushwa na Michael aliyekuwa na miaka 24, iligongana na tumbusi, ikaanguka, naye akafa. Amezikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amezikwa hapo hapo. Nalitaja hili kwa kuwa mnunuzi anastahili kulijua mapema. Kuchagua vizuri hupunguza hatari, hakuiondoi. Hakuna ndege ya bei yoyote inayouza kinga, na muuzaji anayesema "hii haiangushi mtu" amekupa sababu ya kutosha ya kuondoka.

Kweli ya pili ni ya hewa, na kwetu sisi wa nyanda za juu ni kali. Hesabu zinazovutia katika vitabu vya ndege ndogo huwa ni za usawa wa bahari, kwenye joto la nyuzi 15. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Katika kimo hicho, kwa kipimo cha kawaida cha angahewa, joto lingekuwa nyuzi 4 hivi. Adhuhuri ya Februari ikifika nyuzi 25, hewa hupanuka na kuwa nyepesi kama ya futi 8,000. Injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 za kupanda. Kwa hiyo ile injini ya nguvu farasi 150 uliyoilipia, robo yake imebaki pwani. Propela nayo inakata hewa nyembamba, na bawa linahitaji kasi zaidi juu ya ardhi ndipo libebe uzito ule ule. Ndege iliyonyanyuka kwa wepesi kule Ukunda, karibu na mawimbi, hapa itakimbia na kukimbia, na ikishapaa itapanda kwa taabu huku vilima vya Ngong vikizidi kukaribia.

Ndiyo maana Cessna 182 yenye nguvu farasi 230, na 206 iliyo na nguvu zaidi, zimependwa sana Afrika Mashariki, na ndiyo maana rubani wa ndege ndogo huamka kabla ya jogoo wa pili. Alfajiri hewa ni baridi na nzito, na wingu la mchana halijajengeka. Lakini nguvu hizo zina bei yake. Cessna 172 hunywa lita thelathini na kitu kwa saa. 182 hukaribia hamsini. Mwenye ndege atalipa tofauti hiyo katika kila saa ya kila mwaka, kwa hiyo ni lazima aseme kweli: je, ninatua kwenye viwanja vifupi vya juu milimani, au ninatoka Wilson asubuhi nikiwa na mtu mmoja kando yangu? Ikiwa ni hili la pili, farasi 150 na adabu ya kuamka mapema vinatosha.

Tuje kwenye viti. Cessna 172 ilianza kuuzwa mwaka 1956, na zimeundwa zaidi ya 44,000, nyingi kuliko ndege nyingine yoyote duniani. Ina viti vinne, na mnunuzi huviona vinne hivyo akawaona mke wake na watoto wawili wameshaketi. Chukua toleo la miaka ya 1970. Uzito wa juu unaoruhusiwa kuruka nao ni kilo 1,043. Tuseme yenyewe, pamoja na redio zake, ina kilo 640. Imebaki 403. Jaza matangi: lita 144 hivi zinazotumika, ambazo ni kilo 104. Imebaki 299. Watu wazima wanne wa kilo 80 kila mmoja ni 320, na hata begi moja halijaingia. Kwa hiyo ama mafuta yapungue au mtu mmoja abaki. Hesabu hii haina huruma wala upendeleo, na mtu asiyependa kumwambia mgeni wake, "Samahani, leo hutakwenda," bado hajawa tayari kumiliki ndege yenye viti vinne. Mahali mzigo unapokaa napo ni sehemu ya mizani. Sanduku zito likisukumwa nyuma kabisa huuvuta uzito kuelekea mkiani, na ndege inaweza kuinua pua kuliko rubani anavyotaka, tena wakati ardhi bado iko karibu mno.

Ninapofikiria abiria huwa namkumbuka Kamau. Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyeishi Kenya, alinunua Gipsy Moth, ndege ya viti viwili ya mbao na kitambaa, na akaona kwamba kutoka juu tembo wanaweza kutafutwa kwa urahisi usiopatikana kwa miguu. Tarehe 14 Mei 1931 ndege hiyo ilianguka Voi muda mfupi baada ya kuruka, ikateketea. Finch Hatton amezikwa katika vilima vya Ngong; vitabu vimeandikwa juu yake na filamu imetengenezwa. Pamoja naye alikufa Kamau, mtumishi wake Mkikuyu, ambaye historia imetuachia jina moja tu. Kila anayemwalika mtu kwenye kiti cha pili cha ndege yake anaweka maisha ya mtu huyo kwenye mizani, na maisha hayo yana uzito ule ule na ya mwenye ndege. Abiria hajui kusoma vipimo, hajui kama matangi yamepimwa, hajui injini imesikikaje wiki iliyopita. Amekuamini tu. Amana hiyo ni sehemu ya mali uliyoinunua.

Baada ya hapo ndipo mtu anapoanza kutazama ndege yenyewe, na jambo la kwanza linalomshangaza ni umri. Ndege ndogo nyingi sokoni zina miaka arobaini, hamsini. Sababu yake ni ya kihistoria. Nchini Marekani, ambako nyingi zao ziliundwa, kesi za madai dhidi ya waundaji zilizidi na mauzo yakaanguka, hata Cessna ikaacha kuunda ndege zake za injini moja ya pistoni mwaka 1986. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mwaka 1994 kuweka ukomo wa miaka 18 wa madai ya namna hiyo, na miaka miwili baadaye kiwanda kikarudi kazini. Ndege mpya zilizotoka baada ya hapo zilikuwa za bei ambayo mtu wa kawaida hawezi kuigusa. Hivyo mnunuzi wa kwanza karibu kila mahali hununua ndege inayoweza kuwa na umri kumzidi yeye.

Umri huo usimtishe. Mwili wa alumini unaotazamwa vizuri huishi muda mrefu, na sehemu zinazochakaa hubadilishwa kwa saa zake. Kinachopasa kumtisha ni daftari lenye pengo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mali ambayo msemo huu unaifaa kuliko ndege. Kila ndege ina madaftari yake: la mwili, la injini, na mara nyingi la propela. Humo imeandikwa kila oili iliyomwagwa na kubadilishwa, kila silinda iliyofunguliwa, kila agizo la usalama lililotolewa na mamlaka na siku lilipotekelezwa. Anayeyasoma kwa utulivu ataona maisha yote ya chombo. Ataona miaka ambayo iliruka sana na miaka ambayo ilikaa. Ataona bawa lililotengenezwa baada ya tukio ambalo muuzaji hakulitaja. Daftari likipotea, sehemu kubwa ya thamani ya ndege imepotea nalo, kwa kuwa hakuna awezaye tena kusema kwa hakika kilichomo ndani ya chuma kile.

Kisha aje fundi, na awe fundi unayemlipa wewe, asiyewahi kuihudumia ndege hiyo kwa muuzaji. Atapima mgandamizo wa silinda moja moja: huingiza hewa ya paundi 80 kwa inchi ya mraba na kusoma ni kiasi gani kinachobaki ndani na kinavujia wapi. Atakata kichujio cha oili na kuangalia kama kuna chembe za chuma. Atapenyeza kamera nyembamba na kuzitazama valvu. Atainua zulia la sakafu, atamulika ndani ya mabawa, akitafuta kutu ile nyeupe inayoila alumini, hasa kama ndege imeishi miaka mingi pwani ambako upepo una chumvi. Gharama ya ukaguzi huu ni ndogo ukilinganisha na bei ya injini. Na ukaguzi ukikuonyesha usinunue, fedha hiyo haikupotea. Umelipia jibu.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wa kwanza hulielewa kinyume. Huona ndege yenye saa chache za injini, iliyolala ndani ya hanga miaka kadhaa, wakadhani wamepata iliyotunzwa. Injini za ndege hufa kwa kukaa. Katika Lycoming, aina inayoonekana kwenye ndege nyingi ndogo, kemshafti iko juu ya kishafti kikuu, na injini isipowashwa kwa miezi oili huteremka yote, chuma kikabaki kitupu, unyevu ukakifikia. Kutu ndogo isiyoonekana huanza hapo, na siku injini inaporudi kazini kutu hiyo hukwangua chuma hadi umbo lake liharibike. Kwa upande wa pili, tangu Desemba 1958 hadi Februari 1959, Robert Timm na John Cook walirusha Cessna 172 juu ya jangwa la Nevada, Marekani, siku 64 bila kutua, wakivuta mafuta kutoka kwenye lori lililokimbia chini yao barabarani. Injini moja, zaidi ya saa 1,500 mfululizo. Ilitua ikiwa imechoka, lakini ilitua ikiwa inazunguka. Ndege inataka kurushwa. Anayeinunua ili aifunike amenunua hasara.

Hilo linatuleta kwenye fedha, na hapa ndipo watu wazuri hujidanganya zaidi. Bei ya kununua ni mlango tu. Kuna gharama zinazokuja uruke usiruke: hanga au maegesho, bima, ukaguzi wa mwaka, ada za mamlaka. Kuna zinazokuja kwa saa: mafuta, oili, matairi, na akiba ya injini. Lycoming nyingi za aina hii hupendekezwa kufanyiwa matengenezo makubwa baada ya saa 2,000 au miaka 12, na kazi hiyo hula makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo kila saa unayoruka umeshakopa kitu kutoka kwenye injini, na mwenye busara hukilipa siku hiyo hiyo kwenye akaunti isiyoguswa kwa ada ya shule wala kwa harusi. Sasa gawanya zile gharama zisizobadilika. Ukiruka saa 100 kwa mwaka, kila saa inabeba sehemu moja ya mia. Ukiruka saa 20, kila saa inabeba mzigo mara tano. Anayeruka kidogo hulipa zaidi kwa kila dakika, injini yake huoza, na mikono yake husahau. Hasara hizo tatu hutembea pamoja.

Mafuta nayo yana hadithi yake. Ndege za pistoni hutumia petroli ya ndege, ile yenye rangi ya buluu. Lakini biashara ya anga katika mbuga zetu imehamia kwenye ndege za injini ya tabini kama Cessna Caravan, zinazotumia mafuta ya jeti, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Kadiri Caravan zinavyoongezeka, ndivyo pampu ya buluu inavyozidi kuwa adimu nje ya viwanja vikubwa. Mwenye ndege ndogo lazima apange safari yake kwa kujua yaliko mafuta, na asimame kando ya ndege yake inapojazwa, kwa sababu mafuta ya jeti yakiingia kwenye tangi la injini ya pistoni, injini inaweza kuwaka vizuri kwa masalio ya petroli, kisha ikazima wakati wa kupaa. Wapo wanaochagua ndege nyepesi za injini ya Rotax 912, ambazo hukubali petroli ya gari iliyo safi. Ni uchaguzi wa haki kwa mtu wa peke yake au wawili, mradi akumbuke hesabu ile ya hewa ya Wilson.

Kumiliki, basi, ni mazoea ya matunzo yanayofanywa hata pale ambapo hakuna kilichoharibika. Wenye majahazi wa Lamu wanalijua hili kwa damu: chombo hupandishwa pwani kwa msimu wake, hukalafatiwa, hupakwa mafuta ya sifa na deheni, kiwe kimevuja au hakijavuja. Kwa mwenye ndege msimu huo huja kwa saa. Oili hubadilishwa takriban kila saa 50 za kuruka, na ukaguzi mpana zaidi hufuata. Kila asubuhi, kabla ya safari, huchota mafuta kidogo kutoka chini ya matangi na kuyaangalia kwenye mwanga, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli na hujificha chini. Hupanda kwenye ngazi, akachovya kijiti cha kupimia ndani ya tangi, asikiamini kipimo cha dashibodi. Hupitisha kiganja kwenye ukingo wa propela akitafuta jeraha la changarawe ya viwanja vya murram, maana ufa mdogo hapo huweza kukua.

Mimi ni mmoja wa wenye fungu katika Cessna 172, na mazoea haya ndiyo yaliyonifundisha tofauti ya kukodi na kumiliki. Ndege ya kukodi unairudisha pamoja na mlio wake wa ajabu, ukamwachia mwingine. Ya kwako unalala nao mlio huo. Baada ya muda unaijua: breki ya kushoto hushika mapema kidogo, joto la oili hukaa hapa siku ya baridi na pale siku ya jua, mlango wa kulia hutaka kuvutwa mara mbili. Ujuzi huu ni upendo wenye kazi. Hulindi chombo kwa kukisifu. Unakilinda kwa kutambua kwamba leo sindano imesimama kidogo juu ya pale ilipozoea kusimama, na kwa kukataa kuondoka mpaka ujue sababu.

Na malipo yake ni makubwa. Toka Wilson asubuhi iliyotulia, vuka vilima vya Ngong, na ardhi inaondoka chini yako. Bonde la Ufa linashuka kwa ngazi hadi Magadi, chini ya futi 2,000 juu ya bahari. Kadiri unavyoteremka hewa inanenepa, injini inavuta pumzi, na ile robo ya nguvu iliyokuwa imebaki pwani inaanza kurudi. Unaisikia kwenye mlio. Magadi inalala kwa rangi ya waridi na chokaa, mbele yake Natron, na juu ya Natron mlima Ol Doinyo Lengai umesimama peke yake. Rubani binafsi anayeruka kwa kutazama nchi, bila haraka, akiwa na ramani mapajani, huielewa jiografia kwa namna ambayo darasa halikumpa. Huona kwa nini mto ulipinda, kwa nini watu walijenga hapa na si pale, mahali msitu ulipokuwa mkubwa na mahali ulipokatwa. Kwa ajili ya maono hayo nasema tamaa ya kwanza ile haikuwa upuuzi.

Lakini umiliki una mtego wake, na ni mtego wa uhuru. Shirika lina mtu wa zamu anayeweza kuzuia safari. Chuo cha urubani kina mwalimu anayetazama wingu na kusema leo hapana. Mwenye ndege hana wa kumzuia. Ufunguo uko mfukoni mwake. Leseni ya rubani binafsi, kwa kanuni za kimataifa, huweza kupatikana kwa saa 40 za mafunzo, na saa 40 zinatosha kumfundisha mtu kurusha ndege. Hazitoshi kumfundisha masika yote. Wakati wa mvua mawingu hukaa juu ya Ngong kama kifuniko, na pengo linaloonekana wazi kati ya wingu na mlima huweza kufungwa ukiwa ndani yake. Wageni wanasubiri Diani, chumba kimelipiwa, kesho kuna kazi. Sababu za kwenda ni nyingi na zote zina sauti. Sababu ya kubaki ni moja tu, nayo haipigi kelele. Kwa hiyo mipaka iandikwe siku ya jua, ukiwa umeketi nyumbani na hakuna anayekusubiri: wingu likiwa chini ya kimo hiki sitoki, upepo wa ubavuni ukizidi hapa nageuka, mafuta yakifika hapa natua. Kisha ifuate karatasi hiyo hata siku inapokuonea.

Najua kuna swali litakaloulizwa na msomaji mwenye haki ya kuliuliza. Je, katika nchi ambazo mtu hutembea kilomita kadhaa kufika zahanati, ndege ya mtu binafsi ni kitu cha kutafakariwa kwa upendo namna hii? Nimejiuliza hilo mara nyingi. Historia inajibu pande mbili. Klabu ya urubani ya Afrika Mashariki ilianzishwa Nairobi mwaka 1927, na Florence Kerr Wilson alianza kampuni yake ya Wilson Airways mwaka 1929 na Gipsy Moth moja. Jina lake ndilo lililopewa uwanja. Anga ile ilikuwa ya walowezi. Wenye nchi waliisafisha njia, waliisukuma ndege, na waliitazama ikiondoka. Hilo ni deni lisilopaswa kusahauliwa. Lakini mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ambayo leo tunaijua kama AMREF, na ndege ndogo ikawa njia ya kumfikisha daktari kwa mgonjwa ambaye barabara ilikuwa haimfikii. Chombo ni kile kile. Kinachokipa heshima ni kazi kinayopewa na watu wanaofunguliwa mlango.

Ndiyo maana ninawashauri wengi wanaoniuliza wasinunue peke yao. Watu wanne au sita wenye imani ya pamoja wanaweza kumiliki ndege moja nzuri, iliyokaguliwa, yenye bima kamili na mfuko wa injini uliojaa, kwa gharama ambayo ingemlemea mmoja. Itaruka mara nyingi zaidi, na injini itashukuru. Macho mengi yatauona ufa mapema. Muhimu zaidi, yule anayetaka kwenda siku isiyofaa atakuwa na wenzake wa kumwambia ngoja, na ule mtego wa uhuru utakuwa umepata mlinzi. Lakini ushirika huo uandikwe mbele ya wakili kabla ya fedha kuhama: nani anatumia lini, nani analipa nini ikiharibika, anayetaka kutoka anauzaje fungu lake, na nani ana neno la mwisho fundi anaposema ndege isiruke. Jibu la swali hilo la mwisho ni rahisi. Ni fundi.

Nchi zetu hazitapata marubani wake wa kesho kwa kuwa na matajiri wachache wenye ndege nyingi zilizofunikwa. Zitawapata pale ambapo mwalimu, daktari, mfanyabiashara wa nafaka na mhandisi watakapochanga, wakanunua ndege ya kawaida ya miaka ya 1970 yenye daftari lisilo na pengo, wakairusha kila wiki, na kila wanapopima uzito na kuona nafasi ipo, wakampa kijana wa mtaani kwao kiti cha kulia aone nchi yake kutoka juu na ajue kwamba kazi hii inafundishika. Basi anza na kweli ndogo: andika safari zako halisi za mwaka mmoja, zipige hesabu, watafute wenzako. Karatasi ikisema ndiyo, nunua bila kusitasita. Ikisema bado, endelea kukodi na kujifunza, kwa sababu aliyeweza kuiheshimu hapana ya karatasi atakuwa mwenye ndege mwema siku ndiyo itakapofika.